Mkeka Uliosubiri Jina

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye simu aizime, na mwenye haraka aende zake salama, maana hadithi hii ni ya watu walioshindwa kuwa na haraka siku ile ile waliyotakiwa wawe nayo.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Lakini kwa kusimulia, kutoka Kibiti hadi ng'ambo zote za mto Rufiji hakuna anayenifikia, na anayebisha alete ya kwake tuisikie. Hii ninayowapa sikuhadithiwa. Nilikuwapo, tena pekupeku.

Mji wenyewe unaitwa Nyamtulo. Nyamtulo ina benki moja. Jina lake la kwenye kibao ni refu kuliko foleni yake, kwa hiyo sisi tunaiita Benki ya Feni Moja. Na ndani ya benki hiyo walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipaji alichopewa na Mungu.

Wa kwanza ni Hidaya, karani wa dirishani. Kipaji chake ni mikono. Noti zikipita vidoleni mwake husikii karatasi, unasikia upepo. Unafika dirishani, unaanza salamu, salamu haijaisha na pesa unazo mkononi. Mumewe na mtoto wao walikuwa Dar es Salaam, na Hidaya alikuwa akiomba uhamisho wa kuwafuata tangu mtoto anatambaa. Mtoto sasa anakimbia.

Wa pili ni Mihayo, mlinzi wa mlangoni, Mnyamwezi wa Tabora. Kipaji chake ni ulimi. Bunduki anayo, lakini sijaona mtu akiiogopa. Kinachoogopwa ni maneno yake. Sisi wa Rufiji na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Mihayo aliutumia utani huo kama watu wanavyotumia mshahara: wote, bila kubakiza.

Wa tatu ni Mama Shaweji, anayefagia na kupika chai. Kipaji chake ni macho. Herufi hazioni vizuri, lakini mtu akija na huzuni, Mama Shaweji ataiona kabla mwenyewe hajavuka kizingiti.

Sasa niwaambie sheria ya foleni yetu, maana bila hiyo mtapotea. Nyamtulo hatusimami foleni. Jua la kwetu si la kusimamiwa. Ukifika benki unavua kandambili zako, unazipanga nyuma ya kandambili za aliyekutangulia, halafu unakwenda kukaa barazani kivulini. Viatu ndivyo vinavyosimama. Mwenye viatu vya mbele akihudumiwa, vya nyuma vinasogezwa. Na hakuna kuruka kiatu cha mtu. Atakayeruka kiatu cha mwenzake ataongelewa mpaka siku ya harusi ya mjukuu wake.

Basi, siku moja makao makuu ya benki wakamleta kijana mmoja mpole, shati jeupe, saa ya kupimia mbio inaning'inia shingoni kama ya mwamuzi wa mpira. Jina lake Anyosisye, mtoto wa Tukuyu. Kazi yake ni kuzunguka matawi yote akipima ufanisi.

Ufanisi ni nini? Mimi nilimwuliza mwenyewe, na nikaelewa kuliko alivyonieleza. Unachukua kilichotoka, unakigawanya kwa kilichoingia. Ni kama baiskeli. Ukikanyaga kidogo ikaenda mbali, hiyo ina ufanisi. Ukikanyaga mpaka jasho likakuingia machoni na bado uko mbele ya duka lile lile, ilete kwangu.

Anyosisye alifika asubuhi, akaona viatu vimejipanga ndani, akaanza kuvihesabu kimoja kimoja.

"Bosi," Mihayo akamwambia, "kwa hesabu hiyo kila mtani wangu ana mguu mmoja. Si kwamba unakosea sana, lakini hesabu jozi."

Baraza zima likacheka, na Anyosisye naye akacheka, akafuta alichoandika. Hapo nikajua ni mtu mwema.

Meneja akamvuta Hidaya pembeni. Alidhani ananong'ona, lakini meneja yule sauti yake haijawahi kunong'ona. "Hidaya, umesikia tangazo. Karani atakayehudumia watu wengi zaidi leo kuliko makarani wote wa kanda atachagua tawi la kuhamia. Leo ndiyo Dar es Salaam yako. Usiiache ipite."

Hidaya alirudi dirishani. Alikunja mikono ya gauni lake, akakaa.

Ndugu zangu, mimi nimeona mashine za kushonea, nimeona mashine za kukoboa, lakini asubuhi ile nilimwona Hidaya. Viatu vilikuwa havisogei, vinatembea. Anyosisye alikuwa akibonyeza saa yake na kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki anaoupenda. Ilipofika adhuhuri akamwambia meneja, "Sijaona hivi kanda nzima. Akiendelea hivi hakuna wa kumfikia."

Na hapo ndipo wakaja vikongwe wawili.

Mmoja alikuwa Bi Somoe, msukaji wa mikeka. Mwingine alikuwa Bi Siwatu, mke mwenzake. Mume wao alikufa zamani, akawaachia nyumba moja na ugomvi mmoja, na vyote viwili waliendelea kuvikaa pamoja. Bi Siwatu ndiye mkubwa. Macho yake yalikuwa yamefunga utandu mweupe, haoni hata mkono wake, amekuja ameshika ncha ya kanga ya Bi Somoe. Kwenye hospitali ya ng'ambo ya mto alikuwa amekuja daktari wa macho kutoka mjini. Daktari huyo alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri, na kivuko cha mwisho kinavuka alasiri ile ile. Gharama za safari na za macho zilikuwa mle benki, pesa za mikeka ya Bi Somoe, alizoweka kidogo kidogo.

"Unamtibu mke mwenzio?" mwanamke mmoja barazani akauliza. "Ningekuwa mimi ningemwacha hivyo hivyo asinione nikipendeza."

"Ndiyo maana namtibu," akajibu Bi Somoe. "Miaka yote ananitukana kwa kukumbuka sura yangu ya zamani. Nataka aone ya sasa, atukane kwa haki."

Akamkalisha Bi Siwatu barazani, akapanga kandambili zake, akangoja. Zamu yake ikafika.

Sasa, benki ilikuwa imeleta utaratibu mpya. Kile kitabu cha zamani chenye picha kilikuwa kimefutwa. Kila mwenye akaunti asajili kidole kimoja kwenye mashine, kidole chochote, ilimradi kisomeke. Bila kidole, hakuna pesa, mpaka uende Dar es Salaam na mashahidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Weka kidole gumba hapo kwenye kioo."

Akaweka. Taa nyekundu. Akafuta, akaweka tena. Nyekundu. Wakaja cha shahada, wakaja cha kati, wakahamia mkono wa pili, wakamaliza vidole vyote kumi. Nyekundu tupu.

"Mfumo unakataa, bibi."

"Mfumo ndiye nani? Mwite, tuongee."

Hidaya akautazama mkono ule kwa karibu. Ulikuwa mkavu kama gome, umepasuka, na ncha za vidole zilikuwa laini zinang'aa kama kokoto za mtoni. Hakukuwa na mistari.

"Bibi, alama zako zimekwenda wapi?"

Bi Somoe akavitazama vidole vyake, akacheka kidogo. "Zimo kwenye mikeka, mwanangu. Waulize walioilalia."

Kutoka barazani ikapaa sauti ya Bi Siwatu: "Somoe! Wamekukataa? Nilijua! Hata marehemu alikuwa karibu kukukataa!"

"Nyamaza wewe, na utandu wako!"

Watu walicheka, lakini saa ya Anyosisye haikucheka. Meneja akatokeza kichwa mlangoni pake. "Hidaya, mwambie arudi wiki ijayo."

Hidaya akasogeza mashine pembeni. "Bibi, labda urudi Jumatatu."

"Jumatatu daktari hayupo," akasema Bi Somoe, si kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha jina la kijiji. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akageuka kwenda kumwambia mwenzake kwamba haitawezekana.

Hapa sasa sikilizeni kwa masikio yote mawili, maana ndipo penye fumbo.

Mama Shaweji alikuwa akipita na sinia lenye chupa ya maji ya moto, ya chai ya mgeni wa makao makuu. Alimwona Bi Somoe akigeuka. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwuliza. Aliweka sinia chini katikati ya ukumbi, akamshika mkono, akasema, "Mama mkubwa, kaa kidogo." Maji ya moto yaliyokuwa ya chai ya wakubwa akayamimina kwenye beseni lake la kufulia vitambaa, akayapoza, akailoweka mikono ile. Kisha akatoa kichupa cha mafuta ya nazi aliyokuwa amemkamulia bintiye aliyejifungua, akaanza kuvikanda vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayeviuliza habari. Meneja akafoka, "Chai iko wapi?" Mama Shaweji akajibu bila kuinua kichwa, "Inanawa." Angemwacha Bi Somoe afike mlangoni, hadithi ingekuwa imeishia hapo. Liwekeni hilo akilini.

Lakini kulainisha mikono ni kazi ya subira, na barazani subira ilikuwa imekwisha. Jua limehama, kivuli kimekuwa chembamba. Mtu mmoja mwenye shamba la ufuta akaja juu: "Zamu ya bibi imepita! Viatu vyake visogezwe nyuma!" Wengine wakaitikia, na mguu wa mtu ukanyooka kuzisukuma zile kandambili. Na nyuma ya foleni palikuwa mbali, ndugu zangu. Angerudi nyuma, kivuko kingeondoka. Mihayo akaegemeza mgongo wake mlangoni, akainama, akafungua kamba, akavua buti moja. Akalibeba kama anavyobebwa mtoto mchanga, akaliweka pale pale, nyuma tu ya kandambili za Bi Somoe.

"Watani," akasema, "sheria ni yenu, mimi mgeni tu. Anayemfuata bibi ni mimi. Na mimi sina akaunti, sina pesa, na sina haraka. Mkimrudisha yeye nyuma, mtaningoja mimi."

"Toa gogo lako hilo!" mtu wa ufuta akapiga kelele.

"Liruke," akasema Mihayo. "Liruke, niwaandikie watu wa kwetu kwamba nimemwona Mndengereko wa Rufiji hii akiruka kiatu cha mtani wake ili amwahi kikongwe. Huko Tabora hawatalala kwa furaha."

Kwanza alicheka mmoja, halafu kumi, halafu hata yule wa ufuta akaona aibu ikamgeuka kicheko. Mihayo akasimama pale mguu mmoja na buti, mguu mmoja na soksi iliyotoboka, akaanza kutueleza jinsi babu zetu walivyobebeshwa mizigo na babu zake, na sisi tukimjibu kwamba ni kinyume chake, mpaka tukasahau kama tuna miguu ya kuchoka. Mimi mwenyewe zamu yangu ilikuwa nyuma ya buti lile, na nilikuwa na gurudumu la mteja linaningoja. Sikuondoka. Ulimi wake usingekuwapo, kandambili zile zingekuwa nyuma. Nalo hilo liwekeni akilini.

Mikono ikawa laini. Bi Somoe akarudi dirishani. Wakajaribu gumba. Nyekundu. Shahada. Nyekundu. Na mashine ile ikikataliwa sana hujifunga kabisa mpaka kesho. Ikaandika kwamba imebaki nafasi moja.

Anyosisye akasogea dirishani na simu inayomletea hesabu za matawi mengine, akasema kwa upole kabisa, "Dada Hidaya, nikuambie ukweli. Makarani wa matawi mengine wamekaribia. Ukimwahirisha huyu sasa hivi, bado wewe ni wa kwanza. Ukiendelea naye, sitaweza kukusaidia. Saa haijui sababu."

Chini ya kioo cha meza ya Hidaya ilikuwapo picha ya mtoto. Nilimwona akiitazama. Aliitazama muda ambao angeweza kuhudumia watu wawili, pengine watatu. Halafu akafunga droo ya pesa kwa ufunguo, akatoka kwenye kile kijumba chake cha vioo, akazunguka, akapiga magoti mbele ya Bi Somoe pale ukumbini. Mikono ile ya upepo ikatulia mapajani.

"Bibi," akasema, "nisukie."

"Nikusukie nini, na majani ya ukindu sina?"

"Suka hewa. Jifanye unao."

Bi Somoe akacheka, kisha akafumba macho. Mikono ikaanza. Vidole vinaitana, kimoja kinabana, kimoja kinapitisha, kimoja kinavuta, vinakimbizana kama watoto waliotoka madrasa. Ungeapa unauona ukili, ule utepe wa mkeka, ukimshuka magotini. Na Hidaya anatazama, hapepesi. Mara akamshika mkono wa kushoto.

"Hiki!" akasema. "Hiki hakisuki!"

Kweli. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimesimama pembeni peke yake, kimejitenga kama mume aliyenuniwa. Hakikuwa kimegusa ukindu maisha yake yote, na mistari yake ilikuwa haijafutika. Mwanzo kilikataliwa kwa sababu ya ukavu na nyufa. Sasa kilikuwa kimeiva kwa mafuta. Hidaya akakipeleka kwenye kioo kama anayepeleka jani lenye umande.

Kijani.

Vigelegele vilivyopigwa mle benki havijapigwa hata kwenye harusi ya mwanangu, na harusi ile niliigharamia vizuri. Bi Siwatu huko nje akauliza, "Wamempa? Wamempa?" na alipoambiwa ndiyo, akalia, halafu akasema analia kwa sababu ya jua. Hidaya asingepiga magoti, nafasi ile moja ingepotea. Liwekeni na hilo, sasa yametimia matatu.

Pesa zikatoka. Muda wa kivuko ulikuwa bado. Bi Somoe hakuondoka. Alisimama katikati ya ukumbi, akasema:

"Nimebakiza mkeka mmoja. Vidole vimechoka, nikiumaliza huo nitapumzika. Nitausuka na jina katikati, kama zamani nilivyokuwa nikiwasukia maharusi. Na mkeka wenye jina ni wa mtu mmoja, alalie mpaka azeeke. Wa watu wengi ni wa kutandika msibani, na mimi nimetoka kwenye furaha. Niambieni, nisuke jina la nani?"

"La Hidaya," akasema Mihayo.

"La Mama Shaweji," akasema Hidaya.

"La huyu chizi mwenye soksi," akasema Mama Shaweji. "Wangekusogeza nyuma, mafuta yangu yangesaidia nini?"

Bi Somoe akamgeukia Anyosisye. "Mwanangu, wewe ndiye mpimaji. Nipimie."

Kijana wa watu akajaribu, tena kwa moyo wote. Alivuta kiti, akashika kalamu. "Kilichotoka ni kimoja, bibi: umepata pesa yako kabla ya kivuko. Na kila mmoja wao bila yeye kisingetoka. Hapo wako sawa. Tofauti ni kilichoingia. Afande, wewe umetoa nini?"

"Buti," akasema Mihayo. "Na nimeshalivaa."

"Yaani hujapoteza kitu. Kwa hesabu yangu wewe ndiye wa kwanza. Tena umeshinda mpaka hesabu yenyewe imekwama, maana haigawanyiki kwa sifuri."

"Basi hesabu yako inaumwa. Mtu apewe mkeka kwa kuvua kiatu? Si msikiti mzima ungepewa!"

"Anayefuata ni Mama Shaweji. Maji, mafuta kidogo, na kufokewa." Akaandika. "Na wa mwisho ni dada Hidaya. Ametoa..." Akaitazama saa yake. Kanda nzima wakati huo ilikuwa imeshampita. "Ametoa kingi mno, kwa kitu kile kile walichokitoa wenzake."

Hapo ndipo Mama Shaweji alipomweleza Bi Somoe habari za Dar es Salaam, na za picha iliyo chini ya kioo. Bi Somoe hakujua. Alimtazama Hidaya, kisha akamgeukia Anyosisye.

"Kwa hiyo aliyetoa zaidi ndiye wa mwisho?"

"Kwa kipimo hiki, bibi, ndiyo. Lakini usikichukie kipimo. Benki ikitumia kingi kupata kidogo, inayopotea ni hiyo pesa yako ya mikeka."

"Sikichukii," akasema Bi Somoe. "Hata mimi nikisuka sipendi ukindu unaotupwa. Msukaji mzuri anatoa mkeka ule ule kwa majani machache. Najua." Akatikisa kichwa. "Lakini ukindu haunililii usiku, mwanangu. Mtoto wa huyu analia."

Anyosisye akaivua saa shingoni, akaiweka mfukoni. "Hili sikufundishwa," akasema. Na kwa sababu mimi ni mkweli, nitawaambia kwamba ndiye aliyembeba Bi Siwatu mgongoni mpaka kivukoni, shati jeupe na yote.

Walivuka. Daktari aliwangoja, akamtoa Bi Siwatu utandu jioni ile ile. Siku walipomfungua kitambaa cha macho, kwao Nyamtulo, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa mke mwenzake. Alimtazama, akamgusa shavu, na sisi wote tulikuwa tunangoja tusi.

"Somoe," akasema, "kumbe na wewe umezeeka. Nilikuwa nadhani nimezeeka peke yangu."

Tangu hapo Bi Siwatu ndiye anayechambua ukindu na kuutia rangi, na Bi Somoe anasuka. Kili zote za pembeni zimekwisha. Umebaki ule wa katikati, wenye jina. Ndipo walipokwama, na ndio ugomvi wao mpya, kwa sababu ule wa zamani waliuchoka.

Bi Siwatu anasema ni Mama Shaweji. Anasema wema unaofanywa kabla ya kuombwa ndio mama wa wema wote, na wengine wawili walifuata tu njia iliyokwisha kufunguliwa. Wachuuzi wa sokoni wanasema ni Mihayo: ukiweza kumsaidia mtu bila kupoteza, kesho utaweza kumsaidia mwingine, na kesho kutwa mwingine, na huyo ndiye wa kuenziwa. Tena alitufanya sisi wote tuwe watu wema bila kutaka. Na wale wenye watoto walio mbali hawasemi kitu. Wanaelekeza kidole dirishani, ambako Hidaya yupo mpaka leo, mikono ikienda kama upepo, na Jumamosi anakimbilia kivuko kumpokea mtoto anayeletwa na baba yake, na Jumapili anamrudisha. Yeye ukimwuliza, anasema bado ni Mama Shaweji.

Bi Somoe mwenyewe asubuhi ana jina moja, jioni ana jingine. Jana nilimkuta ameketi, kidole kile cha mwisho kimesimama pembeni vile vile. Akaniambia, "Fundi, wewe unatembea sana na maneno unayo mengi. Nenda ukawaulize watu. Lakini usichelewe, vidole vinakwisha."

Mimi jibu langu ninalo, tena ni zuri kuliko mtakayoyatoa nyote. Silisemi, maana mkiniiga nitajuaje kama mna akili zenu?

Ukindu umeshalowekwa, rangi imekolea, na ukiachwa majini sana huoza. Vikongwe wawili wameketi uani wananingoja nirudi na jina moja tu. Je, nikawaambie nani? Na wewe uliye kimya hapo nyuma, ungeamuaje?